Neoni wanakufa mmoja mmoja: mama, tuanze na maji ya ziwa

Mama mmoja wa Keshero, hapa Goma, ameniandikia, nafupisha kidogo: "Papa, jambo. Nilinunulia watoto akwariamu ya lita 80, samaki wakaletwa na basi kutoka Kampala: neoni 6, tetra wa Kongo 2, serpae 3, pamoja na mimea. Maji ni ya robine, nikayaacha yalale usiku mmoja. Kesho yake neoni 2 wakafa, wiki ya pili wengine 2, hawa waliobaki wanajificha nyuma ya filta. Wale serpae wanakata mapezi ya wenzao. Mimea inaoza. Mtoto wangu wa mwisho analia kila asubuhi, anasema samaki wamekuwa weupe. Jirani anasema ni macho ya watu. Nifanye nini?"

Jambo mama, na pole kwa huyo mdogo. Jirani umwambie macho ya watu hayajaingia kwenye akwariamu, kilichoingia ni Kivu. Hapa Goma kila mtu aliyejaribu samaki wa rangi anakwambia samaki wa Kampala ni dhaifu, muuzaji ni mwizi, walikuja wagonjwa, kumbe mara nyingi samaki amefika mzima kabisa na sisi njo tunamwua hapa nyumbani na ndoo mbili za maji masafi. Mimi mwenyewe neoni wangu 20 wa kwanza niliwamaliza kwa siku tatu namna hiyo hiyo, nikalaumu chakula.

Sikiliza. Robine ya Goma inavuta maji ziwani, na Kivu si ziwa kama mengine. Chini kule kunatoka chemchem zinazopita ndani ya mawe ya volkano, zinapanda na bikabonati na magnezi na chumvi zingine, ndiyo sababu glasi ukiiacha ikauke yenyewe inabaki na alama nyeupe. pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho katikati yake ni 7, iko karibu na 9. Kale kamashine kadogo ka kupima chumvi ya maji, ukikatia kwenye maji ya Kivu kanakusomea kama mikrosimensi 1200. Maji ya ziwa Victoria, yale wanayotumia Kampala, kanasoma karibu 100. Na Rio Negro kule Brazili, mto ambako kardinali anatoka, yule ndugu wa neoni mwenye wekundu mrefu, mara nyingi hakafiki hata 20. Sasa mtazame samaki wako: asubuhi alikuwa kwenye 100, jioni umemmwaga kwenye 1200.

Umeshaloweka makayabo, wale samaki wa chumvi, kwenye beseni kabla ya kupika, si chumvi inatoka polepole na nyama inakunywa maji? Samaki wa maji matamu anaishi hivyo maisha yake yote. Chumvi ya damu yake inataka kutoka, maji ya nje yanataka kuingia, na figo na mashavu yake yanafanya kazi usiku na mchana kuzuia hiyo hali. Mwili wake umepangwa kwa maji aliyoyazoea. Akipewa wiki kadhaa anajipanga upya, neoni wa siku hizi karibu wote wamezaliwa kwenye mashamba ya Asia si porini, kwa hiyo ni wavumilivu kuliko babu zao, ila kwa nusu saa hawezi, anachoka na kulala ubavu, ndiyo wale wako wa kesho yake.

Wa wiki ya pili wameuawa na kitu kingine, na hiki ningependa ukielewe vizuri sababu hakionekani na hakinuki. Samaki anatoa amonia, kwa mashavu zaidi kuliko kwa choo chake. Kwenye akwariamu iliyokomaa kuna bakteria wanaoila, wanaigeuza nitriti, wengine wanaigeuza nitrati, na nitrati mimea inakula. Hao bakteria wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujaa kwenye sponji ya filta, wale wa chupa usiwategemee vile watu wanaahidiwa. Wewe uliweka samaki 11 siku ya kwanza, na hapo tena Kivu inaingia: kwenye pH 7 karibu amonia yote iko kwenye hali isiyo kali, sumu yenyewe haifiki hata sehemu moja kwa mia, lakini kwenye pH 9 karibu theluthi nzima ni sumu tupu. Uchafu ni ule ule, samaki ni wale wale, maji tu njo yamebadilisha hesabu.

Ndiyo maana pia ule mfuko wa safari ni mtego. Ndani ya mfuko samaki amepumua masaa mengi, gesi yake imeshusha pH ya yale maji, kwa hiyo amonia yote aliyoitoa njiani imelala haimuumi. Wewe unafungua, unamiminia kikombe cha maji ya Kivu "ili azoee", na palepale ile amonia yote inaamka. Umefanya jambo la huruma na umemchoma. Kwa maji yetu ni heri kulinganisha joto tu, mfuko uelee juu robo saa, halafu umtoe samaki kwa wavu mtaratibu umwingize kwenye maji uliyotayarisha, na maji ya mfuko umwage kwenye maua.

Maji ya kutayarisha sasa. Dawa iko juu ya nyumba yako, mama, ni manjanja, yale mabati ya paa yanayokinga mvua. Chukua ndoo 9 za mvua na ndoo 1 ya robine ao ya ziwa. Ile chumvi ya Kivu iliyotuua inageuka kuwa kiungo, kama chumvi kwenye sombe, kidogo inatengeneza, nyingi inaharibu. Kwa kipimo hicho mashine itakusomea kama 120 ao 130, ugumu wa bikabonati unashuka kutoka zaidi ya digrii 30 hadi 3 na kitu, pH itacheza kati ya 7 na 7.8. Neoni wa shamba hapo anaishi vizuri tu. Usiweke mvua tupu, najua utatamani kwa sababu "laini" inasikika nzuri, lakini mvua tupu haina kitu cha kushikilia pH, siku moja inaporomoka yote na bakteria wanalala.

Halafu mvua ya kwetu iko na mambo yake. Nyiragongo, volkano yetu, inatoa moshi, ndani yake kuna gesi za salfa na klore na floridi, zinaingia kwenye wingu, upepo ukigeuka upande wako mvua inakuja na asidi. Asidi ikipita kwenye manjanja mapya yanayong'aa inabeba zinki, na zinki ni sumu ya samaki hata kidogo sana. Kwa hiyo tumia paa la zamani ao lililopakwa rangi, mvua ikianza iache ioshe paa dakika 20 ndipo uweke bidoni, na mvua ya kwanza kabisa baada ya kiangazi usiiguse kwa ajili ya samaki. Karatasi za kupima pH ziko kwenye maduka ya vifaa vya maabara, ukikuta mvua iko chini ya 5, mwagia bustani. Na weka akiba kabla ya mwezi wa sita, sababu Julai utatazama mawingu na hayatakuletea kitu.

Ile ndoo 1 ya robine itoe klore kwanza. Kuacha usiku mmoja kama ulivyofanya si vibaya, ila bidoni ukiifunga klore inaenda wapi? Iache wazi kwenye beseni pana siku mbili, ao chovya pompi ya hewa ndani masaa machache. Hata maji ya kuchota Kituku yafanyie hivyo hivyo, sababu pale ziwani kuna watu wanatia klore kwenye bidoni kwa ajili ya kolera, kazi nzuri kabisa kwa watu, samaki njo hawaiwezi.

Lakini ngoja! Hao neoni 2 waliobaki usiwabadilishie maji yote leo. Wameshazoea Kivu kwa shida, ukiwatupa ghafla kwenye maji laini unawarudishia kipigo kile kile kwa upande mwingine. Toa lita 8 hivi kila siku mbili, rudisha lita 8 za mchanganyiko wa mvua, fanya hivyo bila haraka mpaka mashine ikusomee karibu na 130.

Sasa tuje kwa kujificha. Unajua sambaza, kila mtu hapa anajua sambaza, wale waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959 na leo njo mboga ya jioni. Umeshasikia mvuvi amerudi na sambaza mmoja? Wale wavuvi na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja wanawasha taa usiku na kundi zima linapanda, sababu sambaza peke yake hayupo, yeye ni kundi. Tetra wote ni hivyo, neoni na serpae na yule wa Kongo. Porini samaki mkubwa akishambulia kundi la mia jicho lake linashindwa kuchagua, wanageuka wote kama shuka moja, lakini wakiwa 2 kila mmoja anajua zamu ni yake. Neoni 2 nyuma ya filta hawana haya, wanasubiri kuliwa. Na samaki anayesubiri kuliwa hali vizuri, na ugonjwa wowote ukipita unaanza na yeye.

Kwa hiyo kosa la pili ni kununua kidogo kidogo kila aina, kama mtu anayejaza kapu la matunda. Naelewa, dukani wote wanapendeza. Ila lita 80 inatosha aina MOJA ya tetra wadogo, kundi la 10 ao 12, basi. Neoni 12 wanaotembea pamoja mbele ya majani meusi, mtoto atakaa hapo kuliko kwenye televisheni. Kama neoni wanakuogopesha tafuta black neon, yule wa mstari mweupe na mweusi, mgumu kidogo kuliko neoni na mpole vile vile, ao glowlight, yule wa mstari wa rangi ya kaa la moto, anatoka Guyana, huyu mimi ninampenda kuliko neoni ila watu dukani hawamwangalii sababu akiwa na hofu anapauka na taa za duka zinammaliza. Chini waweza kuongeza corydoras 5 wanaochimba chimba mchanga, wengine acha. Na tuko mita 1500 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, maji yanabeba oksijeni pungufu kama sehemu moja kwa sita ukilinganisha na mtu wa Mombasa, kwa hiyo vile vipimo vya kujaza samaki unavyosoma kwenye intaneti vimeandikwa na watu wa pwani, wewe punguza.

Kuhusu ule weupe wa asubuhi. Nafikiri mtoto anaamka mapema, anawasha taa ghafla, anakuta neoni hawana rangi, buluu imekuwa kama kijivu, wekundu umefifia, analia. Mwambie wamelala! Rangi ya neoni haiko kama ya kitambaa, ule mstari ni vipande vidogo sana kwenye ngozi vinavyorudisha mwanga, usiku anavilegeza ili asionekane. Mimi nilikuwa nakaa na kahawa saa kumi na moja alfajiri kuwaangalia: unawasha taa ya chumba tu si ya akwariamu, mwanzoni unaona vivuli vinaning'inia kila kimoja fasi yake bila mpango, baada ya dakika chache mmoja anatingisha mkia, mstari unaanza zambarau, halafu buluu, wanaanza kutafutana, na wakishakuwa wanne watano wanageuka kwa mara moja. Hiyo mwonyeshe. Weupe wa kuogopa ni mwingine, ni kipande cheupe kama maziwa ndani ya nyama, upande mmoja wa mgongo, na samaki amejitenga na wenzake usiku na mchana, mgongo unaanza kupinda. Huo ni ugonjwa wa neoni, unaletwa na kimelea kinachokaa ndani ya misuli, hauna dawa, mtoe huyo samaki siku hiyo hiyo kabla hajafa sababu wenzake wakila maiti wanaumeza.

Serpae waondoke. Ni wazuri, wekundu kama pilipili, lakini wanakata mapezi, na wakiwa 3 wanakata zaidi sababu ile ugomvi wanayomalizana wenyewe kwa wenyewe kwenye kundi la 10 inakosa pa kwenda. Yule tetra mweusi anayeitwa sketi naye ni mtu wa familia hiyo ya wachokozi, usidanganyike.

Tetra wa Kongo njo ananiumiza roho kila mara, na hapa nitatoka nje ya swali kidogo. Huyu samaki ni wetu. Anatoka bonde la mto Kongo, ameandikwa kwenye vitabu vya sayansi tangu 1899, dume mzima ana sentimita 8, mgongoni buluu, katikati dhahabu, na mkia wake una manyoya katikati kama jogoo. Familia yake ni moja na mbenga, ndiyo, mbenga yule yule wa meno, ukiwaweka pamoja huwezi kuamini. Na sisi Wakongomani tunamnunua kwa dola kutoka Kampala, amezaliwa kwenye bwawa la Asia! Ila watu wanachanganya kitu kimoja, wanasema "si ni samaki wa hapa, atazoea Kivu". Hapana. Kivu haimwagi moja kwa moja upande ule, Kivu inamwaga kwa Ruzizi kwenda Tanganyika, na yeye ni wa mito ya msituni huko katikati ya nchi, maji laini, rangi ya chai, joto. Kwa maji ya Goma yeye ni mgeni kama neoni. Na anataka akwariamu ya mita 1 na sentimita 20, lita 200 na zaidi, kundi la 6 ao 8, majike mengi kuliko madume. Wawili kwenye lita 80 wanaruka wakigonga kioo kila mlango ukifunguliwa, si kweli? Nitarudi kwao mwisho.

Mimea. Ukisema inaoza nauliza mambo mawili. La kwanza, kuna ile yenye majani magumu ya kijani kizito na shina nene linalolala, inaitwa anubias? Na kangaga moja (feri) ya majani yaliyochanika chanika, bolbitis? Zote mbili ni za Afrika yetu hii, na zote mbili ukizika lile shina kwenye mchanga linaoza, sina shaka njo ulichofanya, kila mtu anafanya. Lifukue, kata sehemu iliyolainika na inayonuka, funga iliyobaki juu ya jiwe kwa uzi mweusi. Mizizi itajishikia yenyewe. La pili, mingi ya mimea hiyo mingine imekuzwa nje ya maji, majani yake ya hewani lazima yafe ikiingia majini, na mapya yatoke. Usiing'oe. Kata yaliyooza tu, subiri wiki tatu.

Mawe usinunue. Hapa tunajengea kuta mawe ambayo watu wa Ulaya wanayauziwa kwenye pakiti. Jiwe la volkano halibadilishi maji, na vile vishimo vyake ni nyumba ya bakteria na fasi ya mizizi kushika. Chagua lenye vishimo, lichemshe, lisugue kwa brashi ya waya sababu yale makali yanakwangua samaki akishituka usiku. Mchanga wa ziwani upime kwanza: matone ya siki juu ya mchanga mkavu, ukitoa povu una chokaa ao vipande vya konokono, utakuharibia kazi yote ya mvua. Majani makavu ya mpera, manne matano yaliyoanguka yenyewe si ya kuchuma mabichi, yatupe ndani, maji yanapata rangi ya chai nyepesi, tetra wanaipenda na neoni wanang'aa mara mbili. Mti wa mikaratusi usiweke kabisa, una mafuta.

Taa masaa 7 ao 8, ya LED nyeupe inatosha, mbali na dirisha maana jua la saa tisa linakuletea ukungu wa kijani. Utakutana na vijana kwenye intaneti wanaochanganya sukari na levire ya mikate kwenye chupa, gesi inaingia majini kwa kamrija, mimea inakua kama wazimu. Inafanya kazi kweli. Ila gesi yenyewe ni ile ile ya mazuku, ile hewa ya kuua inayotoka ardhini kwetu. Wewe ni mtu wa huku, unajua mbuzi akishuka kwenye kishimo cha mazuku anavyolala asiamke, na samaki ni hivyo, ile chupa haina pa kuzimia, usiku mimea haili gesi na chupa inaendelea kuchemka, asubuhi unakuta wote juu ya maji wakihema. Kwa anubias na bolbitis hauihitaji hata.

Hii ya mimea kwangu si mapambo tu. Mwaka 2021, volkano ilipolipuka tarehe 22 Mei na siku chache baadaye tukaambiwa tutoke mjini, niliondoka na watoto na begi moja, nyumbani nikaacha akwariamu mbili. Moja ilikuwa ya fahari, filta kubwa ya kununua, samaki wengi, mimea miwili mitatu ya sura. Ya pili ilikuwa ile ya nyuma jikoni, pori tupu, mimea imejaa mpaka juu, neoni 9 tu na filta ya sponji. Tulikaa nje siku 11, nyumbani kuran, umeme, ilishakatika. Kurudi, mlango wa sebuleni ulipofunguka harufu ilinijibu kabla sijaangalia. Ya jikoni nikawasha tochi nikaona mmoja, halafu wawili, nikahesabu 8. Mimea ilikula ule uchafu na mchana dirisha lilikuwa linawapa mwanga kidogo, na samaki walikuwa wachache. Tangu siku hiyo kila akwariamu ninayomtengenezea mtu inafanana na ile ya jikoni.

Kwa hiyo na wewe, filta ya sponji ya kusukumwa na hewa, na pompi ndogo ya USB ile inakunywa kwenye pawabenki, kuran ikikatika unabadilisha waya tu. Sponji uioshe kwa maji ya akwariamu yenyewe uliyotoa, usiweke chini ya robine, klore inaua wafanyakazi wako wote. Rezistansi ya kupasha maji, ya wati 75 ao 100, uiweke kwenye 24 ao 25. Goma mchana tunadanganyika kuna joto, ila saa kumi ya usiku maji bila rezistansi yanaweza kushuka 19, neoni anavumilia mpaka 20 hivi lakini neoni wadogo waliochoka na safari hapo njo wanashika ugonjwa wa vidoti vyeupe. Kuran ikikosa usiku kucha funika na blanketi pande zote, acha juu wazi kidogo.

Chakula kidogo kuliko unavyofikiri. Tumbo la neoni ni kama jicho lake. Kile wanachomaliza kwa dakika mbili, mara moja ao mbili kwa siku, ulichokisaga kati ya vidole mpaka kiwe vumbi. Sambaza mkavu aliyesagwa laini kabisa wanamkimbilia, ila mara moja kwa wiki sababu ana mafuta yanayoweka ngozi juu ya maji. Na lile pipa lako la mvua litazaa viluwiluwi vya mbu hata usipotaka, wachote kwa kichujio cha chai, wape wadogo wadogo hapo hapo, hakuna kitu neoni anapenda kuliko hicho. Pipa lifunikwe baadaye, tusifuge na malaria.

Samaki wapya usinunue mpaka maji yamekaribia 130 na uwe na wiki 6 umehesabu kwenye kalenda. Kisha nunua 10 kwa mara moja ili waungane na wale 2, si wawili leo wawili Pasaka.

Na wale tetra wa Kongo wawili. Mimi niko na akwariamu ya lita 300, ndani kuna 7, madume 4 majike 3, madume wanachokozana bila kupumzika. Kama wako ni majike, yaani mkia hauna yale manyoya ya katikati na rangi imetulia zaidi, waweke kwenye mfuko mweusi na maji yao ya Kivu uniletee, nitawashusha mimi polepole kwenye ndoo. Nitakurudishia anubias tatu zilizoshika tayari kwenye mawe, na kipande cha sponji yangu ya zamani imejaa bakteria, uje nayo ikiwa imeloa, itakupunguzia zile wiki 6.